Safari ya kwanza ya mama kutoka Tanga hadi Tokyo: siku ya kwanza tuipangeje?

MwanaNgamiani

Assalamu alaikum na salaam kwenu nyote. Naandika kutoka Ngamiani, Tanga, na jambo langu linamhusu mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 64, ambaye mwanzoni mwa mwezi wa sita nitamsindikiza hadi Tokyo, Japani. Dada yangu anaishi huko na mumewe, anatarajia kujifungua mtoto wake wa kwanza, na amemwomba mama awe kando yake kwa muda wa miezi mitatu. Mama hajawahi kupanda ndege. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya basi, kutoka Tanga kwenda Mwanza kwenye msiba wa kaka yake. Mimi mwenyewe nimepanda ndege mara mbili tu, zote ndogo za kutoka Tanga kwenda Unguja, safari ya takriban nusu saa.

Tutakwenda Dar es Salaam kwa basi na kulala huko kwa ndugu. Kesho yake alasiri tutapanda ndege hadi Doha, tutabadilisha ndege hapo usiku wa manane, na tutatua Narita siku inayofuata jioni. Mpaka hapo sina wasiwasi mkubwa. Kinachoninyima usingizi ni siku ya kwanza baada ya kufika. Dada yangu alipokwenda mara ya kwanza, akiwa na miaka 27 na afya yake kamili, alikaa siku mbili katika mang'amung'amu, hajui kama yumo usingizini au yuko macho. Mchana alilala kama mgonjwa, usiku macho yakawa makavu, na siku ya pili alisinzia ndani ya treni hadi mwisho wa njia, akashuka katika kituo asichokijua huku akilia. Sasa najiuliza itakuwaje kwa mama, ambaye ana presha, humeza kidonge chake kila siku saa moja asubuhi, na tangu nipate akili zangu sijawahi kumwona akiamka baada ya saa kumi na moja alfajiri.

Naomba mwenye uzoefu anieleze: siku hiyo ya kwanza nimwache mama alale atakapo, au nimzuie? Kidonge amezeshwe kwa saa za Tanga au za Tokyo? Na kuna jambo la tatu ambalo linahitaji uamuzi wa haraka. Shemeji yangu, kwa heshima na mapenzi yake, amewaalika Watanzania wanaoishi jirani waje kumsalimia mama siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, kwa chai. Naogopa kumvunja moyo shemeji, lakini naogopa zaidi mama kuonekana hana raha mbele ya wageni waliokuja kwa ajili yake.

BintiPangani

Wa alaikumu salaam, kaka. Mungu amjalie dada yetu ajifungue salama. Mimi ni mtu wa Pangani, niliyesoma Tsukuba, kaskazini mashariki mwa Tokyo, kwa miaka mitano, na katika miaka hiyo nilikwenda na kurudi mara nne. Suala lako nalijua kwa mwili wangu, kwa hiyo uniwie radhi nikiandika kwa kirefu.

Nianze na saa zenyewe. Tokyo iko mbele ya Tanga kwa saa sita kamili mwaka mzima, kwa sababu Japani haisogezi saa zake wakati wa majira ya joto kama zifanyavyo nchi nyingi za Ulaya. Sasa, sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili, tukianzia machweo na macheo, tuna bahati ambayo wasafiri wengine hawana. Hesabu yetu nayo imepishana kwa saa sita na namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa. Kwa hiyo namba mtakayoiona kwenye saa ya ukutani huko Tokyo, mkiisoma kama ilivyoandikwa, ndiyo saa ya Kiswahili ya Tanga kwa wakati huohuo. Ukuta ukionyesha 2 mchana, Tanga ni saa mbili asubuhi. Ukionyesha 10 usiku, Tanga ni saa kumi jioni, watu ndio kwanza wanatoka kuswali alasiri. Mfundisheni mama jambo hili kabla hamjaondoka. Aisome namba kama ilivyo, atajua nyumbani ni saa ngapi na mwili wake unadhani ni saa ngapi. Aisome kwa desturi yetu, atajua saa ya Tokyo.

Ukilishika hilo, maswali yako mengine yanajibika yenyewe. Chukua chai ya shemeji yako. Saa tatu asubuhi ya Tokyo, ukuta unaonyesha 9, maana yake mwili wa mama uko saa tisa usiku. Hiyo ndiyo saa nzito kuliko zote kwa binadamu, saa ambayo hata mlinzi aliyezoea kukesha hupambana nayo. Kumkalisha mama mbele ya wageni saa hiyo ni sawa na kumwamsha usiku wa manane hapo Ngamiani na kumwambia apokee wageni kwa tabasamu. Mwombe shemeji aisogeze chai iwe saa kumi na moja jioni ya Tokyo. Hapo mwili wa mama utakuwa saa tano asubuhi, mtu amechangamka, na wageni wataondoka wakimsifu. Naamini shemeji hatavunjika moyo ukimweleza sababu hii kwa utulivu, tena mwonyeshe hesabu.

Mimi sikuwa na wa kunieleza. Asubuhi yangu ya kwanza nilipelekwa kwenye ofisi moja kuandikisha makazi yangu, saa tatu hiyohiyo. Nilikabidhiwa fomu na kalamu, nikaanza kuandika jina langu kwa herufi kubwa, na nilichokumbuka baadaye ni mhudumu akinigusa bega kwa upole. Herufi ya tatu ya jina langu ilikuwa imegeuka mstari wa wino ulioteremka hadi chini ya karatasi, ukapita juu ya meza. Nilikuwa nimelala huku nimeshika kalamu, mgongo umenyooka. Yule mama aliniletea fomu nyingine bila neno, lakini aibu ile ilinikaa wiki nzima.

Kuhusu ndege: Dar es Salaam hadi Doha ni mwendo wa takriban saa sita, na Doha hutumia saa ileile ya kwetu, kwa hiyo hapo hamguswi na lolote isipokuwa uchovu. Safari halisi ni ile ya Doha hadi Tokyo, takriban saa kumi, mkielekea mashariki kulipokea jua. Mnapoondoka itakuwa usiku wa manane kwa saa za mwili, na bado wahudumu watawasha taa na kupitisha chakula. Kuleni uwanjani Doha mkiwa mnasubiri, na ndege ikishatulia angani mama afunikwe macho kwa kitambaa alale mara moja, kwa sababu huko juu kutapambazuka mapema mno na usiku wenu utakuwa mfupi.

Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, unyevu wake huwa chini ya asilimia 20, na msukumo wake hulingana na wa mahali palipo kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto mjini ni takriban mita 1,400. Kwa hiyo mtu wa pwani, aliyezoea joto na unyevu wa Tanga, huwa amepandishwa juu kuliko Lushoto na kukalishwa huko saa kumi mfululizo. Midomo hukauka, kichwa hugonga, miguu hujaa hadi viatu kubana. Avae makubazi mapana, si viatu vipya vya safari, na anywe maji kidogo kidogo hata kama hana kiu.

Usiku wa kwanza msishangae akilala vizuri, kwa kuwa atakuwa amechoka kabisa, halafu akaamka saa nane usiku, macho makavu na njaa inamuuma. Ukuta utaonyesha 2, na Tanga ni saa mbili usiku, wakati wa chakula cha usiku. Tumbo lake litakuwa halina kosa lolote; linadai haki yake kwa saa ya nyumbani. Wekeni wali kidogo au ndizi mezani tangu jioni. Nyumba za Tokyo zina kuta nyembamba na majirani hupenda kimya, kwa hiyo sufuria zisigongane usiku huo.

Msambaa wa Mlalo

Nakubaliana na dada wa Pangani isipokuwa nitaongeza jambo moja. Dawa ya uchovu huu ni jua na ukakamavu. Mimi nilipokwenda Korea Kusini kwa mafunzo ya wiki tatu, nilijilazimisha kuamka alfajiri ya siku ya kwanza, nikatoka nje jua linapochomoza, nikatembea hadi saa nne, na sikufunga jicho mchana kutwa. Mama naye atolewe nje asubuhi na mapema apigwe na mwanga, na asiruhusiwe kulala mpaka usiku. Ni siku moja ya mateso, kisha mambo yanakaa sawa.

Muuguzi wa Makorora

Ndugu yangu wa Mlalo, kuhusu jua umesema kweli, lakini saa uliyoitaja inaweza kumrudisha mama nyuma badala ya kumpeleka mbele, na kwa kuwa tunamzungumzia mtu mzima mwenye presha, naomba nieleze kwa makini.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho mawili inapokutana, kuna kundi dogo la seli zipatazo 20,000 ambazo ndizo zinazoongoza saa ya mwili mzima. Seli hizi huhesabu siku zenyewe, hata mtu akifungiwa gizani. Namna saa hii inavyofanya kazi ndani ya seli ilichunguzwa kwa miaka mingi kwa kutumia inzi wadogo wa matunda, na mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi hiyo. Kwa watu wengi siku ya mwili huzidi saa 24 kwa dakika chache, na hiyo ndiyo sababu kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Anayekwenda magharibi huchelewesha siku yake na mwili hukubali upesi. Anayekwenda mashariki, kama mama, hulazimika kuiwahisha, na mwili hugoma.

Mwanga ndio unaoirekebisha saa hiyo, ila hurekebisha kwa pande mbili. Kila usiku, takriban saa mbili au tatu kabla ya wakati aliozoea mtu kuamka, joto la mwili hufikia kiwango chake cha chini kabisa. Mwanga ukimpata baada ya kiwango hicho, saa ya mwili huwahi. Ukimpata kabla yake, mwili hudhani bado ni jioni na saa huchelewa zaidi. Sasa mama huamka saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo kiwango chake cha chini ni kati ya saa nane na saa tisa usiku wa Tanga. Kwa hesabu ya BintiPangani, ambayo naipongeza kwa dhati, hiyo ni kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi ya Tokyo. Mwezi wa sita jua la Tokyo huchomoza kabla ya saa kumi na nusu alfajiri. Ukimtoa nje mama saa hiyo na kumtembeza mpaka saa mbili, utakuwa umempa mwanga wa saa tatu na nusu kwa upande usiotakiwa. Kijana mwenye nguvu huweza kulivuka kosa hilo asijue limemchelewesha kwa siku ngapi.

Siku ya kwanza, basi, chumba chake kiwe na pazia zito. Akiamka usiku awashe taa ndogo tu. Sala ya alfajiri huko mwezi wa sita huingia kabla ya saa tisa usiku, na usiku wa kwanza atakuwa macho kwa vyovyote, kwa hiyo ataswali kwa wakati bila taabu. Kisha arudi kitandani, hata kama hapati usingizi, na akilala mpaka saa tatu au saa nne asubuhi, mwacheni. Kuanzia saa nne ndipo atoke nje, akae kwenye mwanga mpaka alasiri. Msiogope mawingu. Huo ni msimu wa mvua Tokyo, lakini mwanga wa nje hata siku ya mawingu huuzidi mara nyingi mwanga wa taa za ndani. Siku ya pili atoke saa tatu, ya tatu saa mbili, mkisogea hivyo saa moja kila siku. Kwa tofauti ya saa sita tarajieni siku tano au sita kabla hajawa sawa. Akizidiwa mchana alale, ila isizidi nusu saa, na isiwe baada ya saa tisa alasiri. Chai na kahawa zikome saa nane mchana, kwa kuwa saa tano hivi baada ya kunywa, nusu ya kile kinachoamsha bado imo mwilini.

Mnaweza kuanza hapohapo Tanga. Siku tatu kabla ya safari alale mapema kwa saa moja zaidi kila siku, na aamke mapema vilevile. Kwake yeye si kazi ngumu.

Kuhusu kidonge, Mwana, nenda na mama kwa daktari aliyemwandikia kabla ya safari, kwa sababu jibu hutegemea ni dawa gani. Saa moja asubuhi ya Tanga ni saa saba mchana ya Tokyo. Dawa nyingi za mara moja kwa siku zinaweza kuendelea kumezwa saa saba hiyo mchana kwa siku ya kwanza, kisha zikawahishwa kidogo kidogo hadi asubuhi, lakini lenye neno la mwisho ni faili lake. Asimeze vidonge viwili kwa hofu kwamba cha jana kilipotea angani. Dawa zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari. Tena, kwa kuwa anakaa miezi mitatu: Japani humruhusu msafiri kuingia na dawa alizoandikiwa na daktari za matumizi yake kwa kiasi kisichozidi mwezi mmoja bila kibali. Zaidi ya hapo lazima kibali kiombwe kabla ya kusafiri, basi lianzeni jambo hilo mapema.

Watu watawashauri vidonge vya melatonini, vya kuurekebisha usingizi. Vinasaidia wasafiri wengi, lakini vinaweza kugongana na baadhi ya dawa za presha, nifedipini ikiwamo, kwa hiyo msivinunue kienyeji. Vidonge vya usingizi ndani ya ndege sivitaki kabisa kwa mtu wa umri wake. Mtu aliyelazwa na dawa hainuki, na kukaa kitini kwa zaidi ya saa nne bila kusogeza miguu kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguuni. Akiwa macho, umwinue kila baada ya saa moja au mbili mtembee hadi mwisho wa njia na kurudi. Akiwa ameketi, azungushe vifundo na kuvuta vidole vya miguu juu na chini. Mpe kiti cha kando ya njia, hata kama anatamani dirisha.

Mzee wa Kaole

Mwanangu, niko Bagamoyo, nina miaka 71, na mwaka juzi nilikwenda Chicago kwa mwanangu wa pili. Huko ni upande wa pili wa mambo yenu, nyuma yetu kwa saa nane wakati wa kiangazi chao. Ninathibitisha aliyoyasema muuguzi. Kwenda nilitaabika siku tatu tu, nikiamka saa nane usiku na kusinzia saa kumi na moja jioni kwenye sahani, na mwanangu akawa ananiketisha nje barazani jioni hadi jua linapozama. Kurudi Bagamoyo, yaani kuja mashariki, nilikaa zaidi ya wiki nikisikiliza bahari usiku kucha. Kwa hiyo na wewe utakaporejea Tanga utapata nafuu mapema kuliko mama atakavyopata huko.

Lakini nataka kukuonya juu ya tiketi, kwa sababu wengi wetu hapo ndipo tunapoumia. Ndege yenu ya Doha itaandikwa namba kama 02:10 na tarehe mpya. Hiyo ni saa nane na dakika kumi usiku, na usiku huo sisi kwa mazoea yetu tunauhesabu kuwa bado ni wa jana yake. Safari ya kwangu ya kurudi ilianza saa saba usiku wa tarehe 12. Mimi niliielewa kuwa ni usiku unaoanza jioni ya tarehe 12, nikafika uwanjani siku nzima baada ya ndege kuondoka. Mwanangu alilipa upya. Chukua kalamu, andika kando ya kila namba saa ya Kiswahili na jina la siku, kisha mpe mtu mwingine akusomee.

MwanaNgamiani

Ndugu zangu, nimerudi Tanga juzi, na ni haki yenu kupata mrejesho.

Tulifuata maelekezo yenu karibu yote. Daktari alitoa karatasi, dada aliomba kibali cha dawa akiwa hukohuko, na mama alianza kulala mapema tangu Ngamiani. Ndani ya ndege ya pili alilala kwa muda mfupi kuliko tulivyotaka, kwa kuwa mtoto wa jirani alilia sana na mama hakuweza kujizuia kumbembeleza. Nilimtembeza mara sita. Tulifika kwa dada, mtaa wa Nerima, saa nne usiku, na mama akalala kabla hata sijafungua mabegi.

Saa nane usiku nilisikia nyayo. Nilimkuta jikoni ameketi na taa moja ya juu ya jiko, anakula wali wa jana kwa mkono, polepole, na kando yake kikombe cha maji ya moto chenye iliki aliyotoka nayo nyumbani. Aliniambia yuko sawa, ila hana hata chembe ya usingizi. Tulikaa tukizungumza kwa sauti ya chini, akaswali, kisha akarudi chumbani. Ilipokaribia saa kumi na nusu nje kukaanza kelele za kunguru, wengi na wenye sauti nzito. Mama alifungua pazia kidogo kuwatazama, ingawa nilimwomba asifungue. Akasema ni kunguru wakubwa kuliko wa kwetu na hawana ile kola ya kijivu shingoni. Kisha akalifunga mwenyewe na akalala mpaka saa nne kasoro.

Shemeji alikubali kusogeza chai bila kinyongo. Saa nne tulimpeleka mama bustani ya Shakujii, penye bwawa refu na maua ya ajisai ya buluu yaliyokuwa yamefunguka kila upande. Alikaa kwenye benchi na khanga yake mabegani, uso ameuelekeza kwenye mwanga, japo mbingu ilikuwa nyeupe kwa mawingu. Saa sita kichwa kilianza kudondoka. Nilimpa dakika ishirini, nikamwamsha, na hapo alinitazama kama mtu asiyenijua, kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu. Nilimshika mikono nikamtajia jina langu na la dada. Akapangusa macho, akaomba maji. Muuguzi, nilipata hofu kubwa, lakini haikujirudia tena, na presha tuliyompima jioni ilikuwa ya kawaida yake.

Saa kumi na moja jioni wageni kumi na wawili walimkuta amekwisha kuoga na kujitanda, na alizungumza nao hadi saa mbili usiku. Siku ya sita aliamka saa kumi na moja alfajiri kama alivyozoea. Mtoto amezaliwa salama, wa kike.

Simu yake ya kwanza kutoka Tokyo kuja Tanga aliipiga mwenyewe siku ya pili. Dada alitaka kumsaidia kuhesabu, akakataa. Alitazama saa ya ukutani, ikionyesha 2 mchana, akasema: "Huko ni saa mbili asubuhi. Jirani yangu amekwisha kumaliza chapati zake, sasa anafagia uwanja. Nipeni simu nimwahi kabla hajakwenda sokoni."